Mtoto Anajikuna, Nimnyime Nini?

Barua za mwezi huu zimeingia kama dagaa wa usiku wa giza, nyingi na kwa mkupuo, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtoto ana mzio, nimwondolee chakula gani apone? Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kirefu kuliko nyingine, maana ndani yake nimejiona mwenyewe.

Mama wa Buhongwa anauliza

"Shikamoo bibi nesi. Binti yangu ana miezi 14. Alipofika miezi minne mashavu yalianza kuwa mekundu na kutoa majimaji, kisha ukurutu ukahamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Usiku hatulali, anajikuna mpaka damu. Kituo cha afya walisema ni pumu ya ngozi. Kuanzia miezi saba alikuwa anakula yai na sato, hakuwahi kuvimba wala kutapika, lakini jirani akasema tatizo ni mayai, nikaacha. Mama mkwe akasema ni samaki, nikaacha sato na dagaa. Muuza duka la dawa akasema ni maziwa ya ng'ombe, nikaacha. Baadaye wakapita watu wenye mashine ya kushika mkononi, wakampima kwa shilingi 60,000 na kunipa orodha ya vyakula 23 vya kuacha, yakiwemo maharage, karanga, machungwa na nyanya. Sasa anakula uji wa dona, wali, ndizi na mchicha, na bado ananyonya. Ngozi iko vilevile. Alipokuwa na miezi kumi alikuwa na kilo 8.4, juzi kliniki kapimwa ana 8.3. Nimnyime nini tena?"

Marahaba mwanangu. Usimnyime kitu tena.

Hiyo 8.3 niliisoma mara mbili nikidhani macho yamenidanganya. Mtoto wa kike wa miezi kumi mwenye kilo 8.4 yuko sawa kabisa. Miezi minne baadaye wenzake wanakaribia kilo tisa na nusu, na wako ameshuka. Huo si ugonjwa wa ngozi, hiyo ni njaa iliyoletwa na watu wanaompenda. Tena katika nchi ambayo utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yai na dagaa ni vitu vya kutolewa sahani ya mtoto kwa ushahidi, kama hakimu anavyomfunga mtu. Wewe umefungia watuhumiwa 23 na hakuna hata mmoja aliyeshuhudiwa akitenda kosa.

Sikulaumu. Nilistaafu unesi mwaka 2019 baada ya miaka 33, mingi nikiwa kliniki ya watoto, na kosa lako nimelifanya nikiwa na sare mwilini. Mwaka 1994 mwanangu wa tatu, wakati huo ana mwaka mmoja na ushee, alianza kujikuna usiku. Mimi mtaalamu, nikajua: ni mzio. Nikamwachisha mayai, nikaja samaki, nikaja maziwa mgando ambayo baba yake mkubwa alikuwa anatuletea kutoka Magu kwa kibuyu. Miezi saba mtoto anakula ugali na mlenda. Siku moja shangazi yake, mwanamke ambaye hajakanyaga darasa la nane, alikuja kulala kwetu, akatuangalia jioni tumekaa ukumbini, akauliza, "Mbona nyumba nzima mnajikuna katikati ya vidole?" Ulikuwa upele, mwanangu. Upele wa kawaida wa kuambukizana, wenye mdudu wake. Nadhani niliutoa kazini mimi mwenyewe. Tulipaka BBE, ile dawa ya upele inayounguza, nyumba nzima, tukachemsha mashuka, na baada ya wiki chache mtoto akalala. Mayai yalikuwa hayana habari.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila mama ni hili: ndani ya nyumba anajikuna nani mwingine? Kama mpo wawili watatu, na kunawasha zaidi usiku, na kuna vipele katikati ya vidole, kiunoni na makwapani, nenda katibiwe upele. Na kama mtoto mkubwa anawashwa miguu kila akitoka kucheza ziwani, hapo fikiria kichocho kabla ya kufikiria sato. Kwako wewe, kwa jinsi ulivyoeleza mashavu, viwiko na magoti, naamini kituo cha afya walisema kweli. Ni pumu ya ngozi.

Sasa sikiliza uhusiano wake na chakula, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Pumu ya ngozi kwanza ni ugonjwa wa ukuta. Ngozi ya mtoto wa namna hii inavuja: maji yanatoka, inakauka, inapasuka, na vumbi, sabuni na vijidudu vinaingia. Kati ya watoto ambao ngozi yao imechafuka kwa kiasi kikubwa, takriban mmoja kati ya watatu ana mzio wa chakula pia. Wawili waliobaki unaweza kuwanyima kila kitu kinachouzwa Soko Kuu, na bado watajikuna.

Huyo mmoja tunamtambuaje? Mzio wa chakula ule wa haraka hauna siri. Mtoto anakula, na katika dakika chache, mara chache kufikia saa mbili, mwili unajibu: mabaka yaliyovimba kama ameumwa na siafu, midomo au kope kuvimba, kutapika, kukohoa au kukoroma kifuani. Akila tena kesho, inatokea tena. Hausubiri wiki, wala haurukiruki leo upo kesho haupo. Kuna na mzio wa polepole, wa tumbo zaidi, mtoto anatapika saa kadhaa baada ya kula, au kinyesi kinakuwa na damu, na huo ni wa daktari moja kwa moja. Wekundu unaokuja kuzunguka mdomo baada ya nyanya au chungwa na kuondoka wenyewe, huo ni ukali wa tunda kwenye ngozi laini. Mpake mafuta mdomoni kabla ya kula, basi.

Ile mashine ya kushika mkononi haipimi mzio. Sitapamba maneno: hela yako imeliwa. Vipimo vya kweli viko viwili, kuchoma ngozi kidogo juu ya tone la kitu kinachoshukiwa, au kupima damu kutafuta kinga ya aina ya IgE. Hata hivyo navyo vina ujanja wake, kwa sababu mtoto anaweza kutoka na jibu la "ndiyo" kwa yai huku yai analila kila siku bila shida. Kipimo kinasomwa pamoja na historia. Ndiyo maana daktari mzuri atakuuliza maswali nusu saa kabla hajashika sindano.

Na hapa nitamsema mtu ambaye wengi hawamshuku: uji wa lishe. Siupingi, nimeuhubiri miaka na miaka. Lakini tazama unachopeleka mashineni: mahindi, mchele, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga, na siku hizi dagaa wa kusaga na mbegu za maboga. Vitu tisa kwenye kikombe kimoja. Mtoto akivimba, umkamate nani? Alikuja mama mmoja kliniki kwetu, mtoto wa miezi minane, kila akinywa lishe anatoka mabaka. Yule mama alishamhukumu dagaa kwa sababu ya harufu yake. Nikamwambia asiifungue ile ndoo kabisa, amlishe nafaka moja moja, na aandike kwenye daftari saa aliyokula na saa alipotokwa na mabaka. Mahindi salama. Ulezi salama. Dagaa waliosagwa peke yao, salama kabisa, mtoto anachekelea. Alikuwa ni ngano. Kumbe hata kipande cha chapati alichopewa na dada yake kilikuwa kinamvimbisha midomo, ila walisema ameumwa na mbu. Mtoto alibaki na dagaa wake, na lishe yake ikasagwa bila ngano. Hicho ndicho ambacho chakula kinaweza kufanya kwa mzio ulioshikwa mkononi: unaondoa kimoja, kile chenyewe, na vingine vyote vinabaki mezani.

Kwa hiyo kwa binti yako tuanze na ngozi. Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu, dakika tano hadi kumi, sabuni isiyo na manukato na iende tu kwenye kwapa, shingo na makalio. Ile sabuni ya mche ya kufulia iache ifue. Mkaushe kwa kumgusagusa na kitambaa, usimsugue, na kabla dakika tatu hazijapita mpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu, mengi, mpaka ang'ae kama sufuria mpya. Rudia asubuhi na jioni hata siku ambayo ngozi inaonekana nzuri, hasa siku hiyo. Kucha fupi. Nguo za pamba, zisuuzwe mara mbili. Yale maeneo mekundu yanahitaji dawa ya kupaka ya kutuliza uvimbe, ile dhaifu, kwa siku ambazo daktari atakuandikia. Nasema dhaifu nikikutazama machoni: zipo krimu kali ambazo watu wananunua kujichubua, na wauzaji wengine humpa mama kwa ajili ya mtoto kwa sababu ukurutu unafutika ndani ya siku mbili. Unafutika kweli. Ngozi inabaki nyembamba kama karatasi ya kufungia maandazi, na ukurutu ukirudi unarudi na ndugu zake.

Usimpake mafuta ya karanga. Nitarudi kwenye hilo kwa mwenzako wa chini.

Upande wa chakula, maharage, nyanya, machungwa na vile vingine vya kwenye orodha ya mashine, isipokuwa hivi vinne nitakavyovitaja, rudisha kuanzia leo jioni. Yai, samaki, maziwa na karanga nataka uvirudishe kwa adabu. Sababu yake iwasikitishe wote waliokushauri: mtoto mwenye pumu ya ngozi akikaa miezi bila chakula alichokuwa anakila vizuri, mwili wake unaweza kukisahau, na siku akikirudia ukakipokea kama mgeni mwenye silaha. Wapo watoto waliopata mzio mkali wa namna hiyo baada ya kuachishwa chakula pasipo sababu. Miezi minne ni mingi. Mpeleke kwa daktari wa watoto, hospitali ya Sekou Toure au Bugando, mweleze kila ulichoniambia, na umwonyeshe kadi ya kliniki na hizo kilo. Akikuruhusu kuanzia nyumbani, iwe asubuhi ya siku ya kazi, mtoto hana homa wala mafua, yai lililochemka likaiva kabisa, kiasi cha ncha ya kijiko, halafu umtazame kwa saa mbili. Kesho yake ongeza. Kikishapita siku tatu nne salama, leta kingine. Daktari akitaka ya kwanza aile mbele yake, mkubalie bila ubishi.

Wewe endelea kunyonyesha na ule chakula chako chote. Sikuona mahali popote katika barua yako panaposema maziwa yako yanamdhuru.

Mama wa Sengerema anauliza

"Bibi nesi, kifungua mimba wangu ana pumu ya kifua na wa pili alikuwa na pumu ya ngozi. Sasa nina wa tatu, miezi mitano, ngozi yake bado nzuri. Nimeambiwa nisimpe yai, karanga wala samaki mpaka afikishe mwaka, wengine wanasema miaka mitatu. Ni kweli itamkinga?"

Itamweka karibu zaidi na hatari, mwanangu. Na aliyeeneza habari hiyo ni pamoja na mimi.

Miaka yangu ya kazi niliwaambia akina mama wengi, kwa sauti ya mamlaka, kwamba yai lisubiri. Ndivyo tulivyofundishwa, na wakubwa wa dunia walikuwa wanasema hivyohivyo. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwaambia wazazi wenye mzio katika ukoo wasimpe mtoto karanga mpaka afike miaka mitatu. Watu wakatii. Mzio wa karanga kwa watoto ukazidi kupanda, na mwaka 2008 chama hichohicho kikaondoa ushauri wake.

Aliyetegua kitendawili ni daktari Gideon Lack wa London. Yeye na wenzake waliwalinganisha watoto wa Kiyahudi wanaoishi Uingereza na wale wa Israel. Damu moja, lakini wale wa Uingereza walikuwa na mzio wa karanga mara kumi zaidi. Tofauti mojawapo kubwa ilikuwa hii: Israel mtoto mchanga anaanza kumung'unya vitafunwa vya karanga laini kabla hata hajasimama, na Uingereza alikuwa ananyimwa. Wakafanya jaribio la kweli, lililotoka mwaka 2015. Watoto 640 wa miezi minne hadi 11, wote wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai, nusu wakalishwa karanga mara kwa mara, nusu wakanyimwa, mpaka wakafika miaka mitano. Katika kila 100 walionyimwa, 17 walipata mzio wa karanga. Katika kila 100 waliolishwa, watatu.

Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa bado kazini, nimebakiza miaka minne. Nilikaa kwenye benchi la chanjo nikihesabu akina mama.

Maelezo yake wanayotoa wataalamu ni mepesi kueleweka hata na sisi wa Usukumani. Chakula kikiingia kwanza kwa mdomo, tumbo linaufundisha mwili kwamba huyu ni mtu wa nyumbani. Kikiingia kwanza kupitia ngozi iliyopasuka, mwili unakiona mwizi aliyevunja ukuta. Mwaka 2003 Lack huyohuyo alionyesha kwamba watoto waliopakwa krimu zenye mafuta ya karanga kwenye ngozi yenye ukurutu walikuwa katika hatari zaidi ya mzio wa karanga. Sasa umeelewa kwa nini nimemkataza mwenzako wa Buhongwa.

Basi ngoja mtoto atimize miezi sita akinyonya tu, kama Shirika la Afya Duniani linavyosema, halafu usichelewe. Anza na uji, na katika wiki hizo za mwanzo mletee yai lililoiva, dagaa waliotolewa vichwa na kusagwa, sato aliyechambuliwa miba mara mbili kwa vidole vyako mwenyewe, na karanga. Kimoja kimoja, siku chache kati yake, asubuhi. Karanga ziwe za kusaga laini, vijiko viwili vya chai vilivyokorogwa kwenye uji mpaka viyeyuke, mara tatu kwa wiki, na uendelee, maana kumwonjesha mara moja na kuacha hakusaidii. Karanga nzima asipewe mpaka apite miaka mitano, zinakaba koo. Na zichague mwenyewe kabla ya kukaanga: iliyosinyaa, yenye ukungu, yenye rangi ya kijani, tupa. Sumukuvu haionekani ikishasagwa, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Usiwape hata kuku.

Asali subiri mwaka mmoja. Hiyo haihusiani na mzio, ni kwa sababu ya kijidudu kinachoweza kumlegeza mtoto mchanga viungo vyote.

Wa tatu akianza kupata ukurutu kabla hujafika kwenye karanga, kwanza muone daktari.

Baba wa Igoma anauliza

"Mtoto wangu wa mwaka mmoja akinywa maziwa ya ng'ombe anavimba midomo. Naweza kumpa ya mbuzi?"

Hapana, baba. Protini zao zinafanana mno, na zaidi ya watoto tisa kati ya kumi wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhurika na ya mbuzi pia. Kuyachemsha sana au kuyagandisha hakumwokoi mtoto wa namna hii. Mtindi unawasaidia wale ambao tumbo linajaa gesi na kuharisha wakinywa maziwa, na hilo ni tatizo jingine kabisa, la sukari ya maziwa. Wako anavimba midomo, huo ni mzio. Mama yake aendelee kumnyonyesha, dagaa wasagwe na mifupa yao wampe madini ya mifupa, na daktari amuone. Watoto wengi mzio wa maziwa huwaacha wakikua, kwa hiyo urudi apimwe tena kila baada ya muda. Usijijaribishie nyumbani.

Mvuvi wa Ukerewe anauliza

"Shikamoo mama. Kijana wangu ana miaka minne, anabanwa kifua. Sio kila siku. Hubanwa zaidi siku za giza, mwezi usipoonekana, tunapokuwa kwenye dagaa. Mke wangu anasema ni kwa sababu siku hizo tunakula dagaa wabichi kila siku. Tumwachishe?"

Marahaba baba. Umeniandikia mistari mitatu na umeona kitu ambacho wengine hawakioni wakiandika kurasa mbili: umehusisha kifua na mwezi.

Nikuulize. Siku za giza zinaleta nini kingine kisiwani? Zile nzi za ziwani, zinazopanda kutoka majini kama moshi wa treni na kuangukia kila penye taa. Wengi wao huibuka karibu na mwezi mwandamo, usiku huohuo ambao wewe unawasha taa kuvuta dagaa. Asubuhi wanafagiliwa kwa ndoo ukutani, wanakauka, wanakuwa vumbi, na mtoto analivuta. Huko Sudan kando ya Nile wadudu wa ukoo wa karibu walithibitishwa kuwaletea watu pumu, na kinachofanya kazi hiyo ni ile protini nyekundu ya damu yao. Ukiongeza moshi wa kubanikia sangara na kuni mbichi jikoni, kifua cha miaka minne hakina pa kukimbilia.

Mzio wa samaki upo, ila una adabu yake: angebanwa au kuvimba kila akila dagaa, hata wakavu, hata mwezi ukiwa mpevu, hata kwa bibi yake bara. Jaribu kukumbuka. Kama siku za mbalamwezi anakula dagaa na anakimbia na wenzake, dagaa hana kesi. Kata taa ya nje mapema, au ihamishe mbali na chumba anacholala, funga dirisha la upande wa ziwa kabla ya magharibi, na wadudu waliokufa wafagiliwe kwa kitambaa chenye maji, mtoto akiwa mbali. Jiko lihamie nje ya nyumba ya kulala. Na mpeleke hospitali aandikiwe dawa ya kuvuta kwa mdomo yenye kile kichupa cha kuunganisha, maana pumu ya kifua haitibiwi kwa sahani. Mwenye pumu anayeishi kisiwani asikae bila dawa ndani. Kivuko hakiendi kwa ratiba ya kifua cha mtoto.

Mama wa Nyegezi, mwenyeji wa Bukoba, anauliza

"Bibi, Novemba iliyopita dada yangu alituletea senene. Mwanangu wa miaka mitatu alikula kama kumi, akatokwa na mabaka mwili mzima na jicho likafunga. Nilimpa maziwa anywe kuua sumu, mabaka yakaisha baada ya saa kadhaa. Mwaka huu nimpe kidogo kidogo azoee? Sisi Wahaya kutokula senene ni aibu."

Nimecheka hapo mwisho, nisamehe. Lakini usimpe hata mguu mmoja.

Ulichokiona ndicho kile nilichomweleza mama wa Buhongwa, mzio wa haraka usio na siri. Maziwa hayakuua kitu chochote, ilipita kwa bahati yake. Senene, kamba wa baharini, mende na wale wadudu wa vumbi la godoro wana protini moja inayofanana, kwa hiyo akienda Dar es Salaam kwa wajomba asipewe kamba mpaka daktari atakaposema. Sangara na sato hawamo katika ukoo huo. Mlishe.

Yale ya kuzoesha kidogo kidogo yapo hospitalini kwa baadhi ya vyakula, kwa vipimo vya miligramu na dawa ikiwa mezani. Jikoni kwako hapafai.

Jua na dalili zinazokutaka ukimbie bila kuuliza mtu: sauti kubadilika au kukwama, kukohoa mfululizo, kukoroma kifuani, kutapika kunakoambatana na mabaka, mtoto kulegea na kuwa kama ana usingizi. Hapo dawa ni sindano ya adrenalini kwenye paja, mapema, na inapatikana hospitali. Mlaze, usimsimamishe wala kumtembeza. Akihema kwa shida mwache akae. Dawa za maji za mzio zinazotia usingizi hazifanyi kazi haraka kiasi hicho, na ile ya promethazini haitakiwi kabisa kwa aliye chini ya miaka miwili. Bodaboda ni sawa kama hakuna gari, ila awepo mtu wa pili wa kumshika mtoto.

Mwambie na mwalimu wa chekechea, na bibi yake wa Bukoba, huyo hasa. Nanyi wakubwa kuleni senene wenu, ila wakaangieni nje, mtoto akiwa kwa jirani, maana hata mvuke wa kikaango unaweza kumwasha.